Jinsi Mji wa New York Ulivyozika Nyaya Zake

Mtu atembeaye leo katika barabara kubwa za Manhattan, kisiwa kilicho moyo wa mji wa New York huko Marekani, huona majumba marefu, magari na umati wa watu; lakini akiinua macho kutafuta nguzo za umeme na za simu, haoni hata moja. Nyaya zipo, tena ni nyingi mno, ila zimelazwa chini ya miguu yake. Mgeni aweza kudhani kwamba mji ulijengwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Katika miaka ya 1880 anga la mji huo lilikuwa limefunikwa na nyaya kama utando wa buibui. Sheria ya kuzishusha ilipopitishwa ilikaa miaka mitano bila kutimizwa ipasavyo, mpaka fundi mmoja alipokufa juu ya nguzo mbele ya maelfu ya watu.

Habari hii yawahusu hata watu wa miji ya Afrika ya Mashariki. Makampuni ya kwanza ya umeme ya Nairobi na Mombasa yaliwekewa msingi mwaka 1908, na tangu siku hizo nyaya nyingi za Kenya hupita juu ya nguzo. Siku hizi, katika mitaa mingi ya Nairobi, nguzo ile ile iliyowekwa kwa ajili ya umeme huchukua pia nyaya za intaneti za makampuni mbalimbali, nyingine zikiwa zimekazwa vizuri, nyingine zikining'inia karibu na vichwa vya wapitao. Mtu akiona hayo na kuuliza, "Mbona baraza la mji lisiamuru zote ziwekwe chini?", swali lake ni jema, na watu wa New York waliliuliza kabla yake.

NYAYA ZILIVYOZIDI

Jambo la ajabu ni kwamba waya wa simu ya maandishi ulijaribiwa kwanza chini ya ardhi. Bwana Samuel Morse alipopewa fedha na serikali ya Marekani ajenge njia ya simu kutoka Washington mpaka Baltimore, alianza kwa kuzika nyaya ndani ya bomba la risasi. Lakini ganda lililozizunguka nyaya lilikuwa baya, na umeme ukapotea njiani. Kwa kuwa fedha zilikuwa zikiisha, aliacha kuchimba akasimamisha miti, na simu yake ya kwanza ikapelekwa tarehe 24 Mei 1844. Nguzo, basi, hazikuchaguliwa kwa sababu zilikuwa bora, bali kwa sababu zilikuwa rahisi. Hewa huzuia umeme bure, tena vizuri. Ardhi yenye unyevu huunywa.

Baada ya simu ya maandishi ilikuja simu ya kusema, iliyopata hati yake mwaka 1876. Zikaja nyaya za kuarifu moto, za kuarifu wezi, na za kupeleka bei za hisa kwa wafanya biashara. Kila kampuni ilisimamisha nguzo zake na kukaza nyaya zake, bila kujali mwenziwe amepita wapi. Kampuni iliyofilisika haikurudi kuondoa nyaya zake. Ziliachwa zioze juu, na nyingine zikakatika na kuangukia nyaya zilizo hai.

Mpaka hapo udhia ulikuwa mkubwa, lakini hatari ilikuwa ndogo, maana nyaya za simu huchukua umeme hafifu. Mambo yaligeuka Desemba 1880, taa kali za umeme zilipowashwa katika barabara ya Broadway. Ili jambo hili lifahamike, msomaji na alinganishe umeme na maji ndani ya bomba. Volti ni kama msukumo wa maji. Waya wa simu ulikuwa kama kijito kidogo ambacho mtoto aweza kukizuia kwa mkono; waya wa taa za barabarani, uliokuwa na volti elfu mbili au tatu, ulikuwa kama bomba kubwa litokalo bwawani, ambalo likipasuka humwangusha mtu mzima. Kijito na bomba hilo vilifungwa katika nguzo moja, kimoja juu ya kingine.

Tena nyaya za taa zilivikwa ganda lisilofaa. Lilikuwa pamba iliyopakwa rangi, ambayo mvua na jua huimaliza upesi. Waya wa namna hiyo uliitwa kwa jina la watu wa bima, kwa sababu wao ndio walioukubali. Lakini mafundi, kwa kucheza na maneno ya Kiingereza, waliuita waya wa wazika maiti.

Wakati huo huo palikuwa na mtu mmoja aliyekwisha kuonyesha njia nyingine. Tarehe 4 Septemba 1882 Bwana Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl, kusini mwa Manhattan, na tangu siku ya kwanza nyaya zake zote za barabarani zilikuwa chini. Alitumia fito za shaba zilizotiwa ndani ya mabomba ya chuma, kisha nafasi iliyobaki ikajazwa mchanganyiko wa lami, mafuta na nta. Lakini yafaa isemwe kwamba umeme wa Edison ulikuwa wa volti 110 tu. Kuzika umeme mdogo ni kazi. Kuzika umeme wa volti elfu tatu kwa maarifa ya siku zile ilikuwa kazi nyingine kabisa, na wenye makampuni ya taa walilijua hilo, nao walilifanya udhuru wao.

SHERIA YA 1884

Mwaka 1884 Baraza la Kutunga Sheria la Jimbo la New York lilipitisha sheria kwamba katika kila mji wenye watu 500,000 au zaidi, nyaya zote za simu na za taa za umeme ziwekwe chini ya barabara kabla ya tarehe 1 Novemba 1885. Miji yenye watu kiasi hicho katika jimbo ilikuwa miwili tu, New York na Brooklyn, ambayo siku hizo ilikuwa bado haijaunganishwa.

Sheria ilikuwa fupi na wazi, na siku yake ikapita nyaya zikiwa bado juu. Kosa lilikuwa nini? Sheria iliwaamuru watu waondoe nyaya, lakini haikuwapa mahali pa kuzitia. Kama kila kampuni ingechimba mtaro wake, barabara moja ingepasuliwa mara kumi kwa mwaka, na chini kungekuwa na fujo ile ile iliyokuwa juu. Wala haikusema wazi ni nani atakayekagua michoro, na nani atakayechagua aina ya bomba.

Ndipo mwaka 1885 sheria nyingine ikaweka makamishna watatu wa kusimamia njia za umeme za chini ya ardhi, na gharama za kazi yao zikatozwa makampuni yenyewe. Mwaka 1887 kazi hiyo ilihamishiwa bodi mpya, na safari hii Meya wa mji alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Mpango uliofuatwa ulikuwa huu: kampuni moja maalumu ichimbe barabara mara moja na kujenga mifereji yenye matundu mengi, kisha makampuni mengine yote yakodi matundu humo na kuingiza nyaya zao. Mfereji wa mtaa fulani ukiisha kuwa tayari, bodi ilitoa ilani, na mwenye nyaya alipewa siku 90 kuhamisha nyaya zake na kung'oa nguzo. Asipofanya hivyo, mji ungeziondoa wenyewe.

Hapa ndipo penye maarifa ya jambo zima. Amri ya kuzika nyaya huwa na nguvu ikiwa na mambo manne: mahali pa kuzitia, mtu wa kulipa, siku ya mwisho, na mtu mwenye mamlaka ya kukata waya wa yule asiyetii. Sheria ya 1884 haikuwa na yote manne. Hata baada ya 1887 makampuni yalibishana juu ya kodi ya matundu. Wenye simu walisema sauti hudhoofika ndani ya nyaya za chini; wenye taa walisema hakuna waya uwezao kustahimili volti zao ndani ya mfereji. Maneno hayo hayakuwa uongo mtupu. Lakini mtu asiyetaka kutoa fedha haoni shida kupata sababu ya kweli ya kutozitoa.

THELUJI, NA KIFO CHA FUNDI

Usiku wa tarehe 11 Machi 1888 mvua iligeuka theluji, na tufani ikapiga pwani yote ya mashariki ya Marekani muda wa siku tatu. Katika New York theluji ilifika kimo cha inchi 21, na mahali pengine upepo uliirundika mpaka ikaziba milango ya nyumba. Watu zaidi ya 400 walikufa katika majimbo hayo. Nguzo zilivunjika na nyaya zikalala barabarani. New York na Boston, ambazo haziko mbali hata maili 250, hazikuweza kupashana habari kwa njia ya kawaida. Ikawa simu za maandishi zinapelekwa kwanza Uingereza kwa waya uliolala chini ya bahari ya Atlantiki, kisha zirudishwe Marekani kwa waya mwingine wa baharini. Nyaya za juu zilikuwa zimeanguka, na zile zilizolazwa chini ya bahari zilifanya kazi kama kawaida. Hapakuwa na hoja iliyosema wazi kuliko hiyo.

Mwezi uliofuata mvulana mmoja alikufa papo hapo alipogusa waya uliokatika, uliokuwa ukining'inia barabarani. Mafundi kadhaa nao wakafa. Magazeti yaliandika, watu wakasikitika, na nyaya zikabaki.

Kisha ikaja tarehe 11 Oktoba 1889. Siku hiyo, wakati wa mchana watu wanapokwenda kula, fundi wa kampuni ya simu ya maandishi ya Western Union, jina lake John Feeks, alipanda nguzo penye pembe ya mitaa ya Chambers na Centre, karibu sana na ofisi ya Meya. Kazi yake ilikuwa kuondoa nyaya za zamani zisizotumika. Nyaya alizozishika zilikuwa za simu, nazo zilipaswa kuwa na umeme hafifu usioweza kumdhuru. Lakini mahali pengine, mitaa kadhaa mbali na hapo, waya mmoja ulikuwa umegusana na waya wa taa, na umeme wenye nguvu ukasafiri kimya kimya mpaka mkononi mwake. Alikufa mara moja. Mwili wake ulinaswa katika nyaya, ukawaka na kutoa moshi, na wenziwe hawakuthubutu kumgusa. Ilichukua karibu robo tatu za saa kumshusha, na muda huo wote maelfu ya watu walisimama chini wakitazama.

Yafaa ikumbukwe kwamba Feeks hakufanya uzembe. Alishika waya wa kampuni yake, katika nguzo aliyotumwa kuipanda, na waya uliomwua haukuwa hata machoni pake. Fujo ya nyaya huwa namna hiyo: kosa la mtu mmoja upande mmoja wa mji hulipwa na mtu mwingine asiyemjua. Watu wa New York walichanga fedha kwa ajili ya mjane wake, na hasira yao ikawa kubwa, kwa sababu safari hii hawakusoma habari gazetini, walikuwa wameona.

MEYA NA MAHAKAMA

Meya wa wakati ule, Bwana Hugh Grant, aliamuru nyaya za taa zisizo salama zikatwe. Makampuni ya taa yalikimbilia mahakamani yakapata hati ya kumzuia, yakidai kwamba nyaya ni mali yao na mji hauna haki ya kuiharibu. Kwa muda wa wiki kadhaa mji ulingoja. Katikati ya Desemba 1889 majaji waliifuta hati ile, na mara vikosi vya idara ya kazi za mji vikatoka na mashoka na mikasi ya chuma. Nguzo zilikatwa kama miti ya kuni, na nyaya zikaanguka kwa mafungu. Sehemu kubwa za mji zilibaki gizani, na wenye duka na polisi wakarudia taa za gesi. Giza hilo lilikuwa sehemu ya bei, na wengi walikubali kuilipa.

Wakati wa mabishano hayo Bwana Edison aliandika katika jarida moja, mwezi wa Novemba 1889, kwamba kuzika nyaya za volti nyingi hakutaondoa vifo, ila kutavihamisha kutoka barabarani kwenda ndani ya mashimo ya mafundi na ndani ya nyumba. Msomaji asisahau kwamba Edison aliuza umeme wa volti chache, na washindani wake, akiwamo Bwana George Westinghouse, waliuza ule wa volti nyingi. Kwa hiyo maneno yake yalikuwa na biashara ndani yake. Hata hivyo hayakuwa ya kupuuzwa, kama itakavyoonekana mbele.

Mwaka 1892 jambo hili lilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Kampuni moja ilikuwa imepewa ruhusa na mji mwaka 1883 kulaza nyaya chini, nayo ikadai kwamba kwa sababu hiyo haikupaswa kuwapelekea makamishna michoro yake wapate kuikubali. Majaji walikataa. Ruhusa ya kutumia barabara, walivyoona, haiondoi mamlaka ya serikali kuangalia namna barabara hiyo inavyotumiwa. Maneno hayo yangali msingi wa kanuni nyingi za miji: kampuni hupewa njia, lakini barabara hubaki ya umma.

Kampuni ya Empire City Subway, iliyoanzishwa mwaka 1891, ilichukua kazi ya mifereji ya nyaya za simu na nyingine za umeme hafifu katika Manhattan na Bronx, na mpango ule ule wa kukodi matundu umeendelea hata katika zama za intaneti. Lakini mtu akivuka kwenda Queens au Staten Island, zilizo sehemu za mji huo huo, atakuta nguzo na nyaya za juu katika mitaa mingi. Gharama ya kuchimba ni kubwa, na mahali penye nyumba chache kila mwenye nyumba huangukiwa na fungu zito.

NAMNA YA KUZIKA WAYA

Watu wengi hudhani kwamba kuzika waya ni kuchimba mtaro, kulaza na kufukia. Waya wa nguzoni mara nyingi huwa mtupu, maana hewa inayouzunguka huuzuia umeme usitoke na pia huupoza. Waya wa chini hauna hewa. Lazima uvikwe ganda zito la plastiki au mpira, na zamani karatasi iliyolowa mafuta ndani ya ala ya risasi. Tena joto lake halina pa kwenda upesi, kwa hiyo waya huo mara nyingi huhitaji kuwa mnene zaidi ili uchukue umeme ule ule. Kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, gharama imekwisha kupanda.

Katika miji mikubwa mabomba hulazwa kwa safu na kuzungushiwa saruji, na kila baada ya umbali fulani hujengwa chumba kidogo chenye kifuniko cha chuma. Humo fundi hushuka kuvuta waya, kuunga au kutengeneza. Faida ya mabomba ni kwamba waya ukiharibika huvutwa na mwingine huingizwa bila kupasua barabara. Ndiyo sababu mji wenye busara hudai mabomba zaidi ya yale yanayohitajiwa leo.

Kanuni ya umeme inayofuatwa na miji mingi ya Marekani huweka pia kina. Kwa umeme wa kawaida wa nyumbani, waya uliozikwa bila bomba huwa chini ya udongo usiopungua inchi 24. Ukiwa ndani ya bomba la plastiki, inchi 18. Juu yake mafundi wengi hutandaza utepe wa rangi kali wenye maneno ya hatari, ili mchimbaji auone utepe kabla jembe halijaufikia waya.

Na wachimbaji ndio adui mkubwa wa waya wa chini, maana waya wa nguzoni huonekana na wa chini hauonekani. Tangu Mei 2007 mtu yeyote katika Marekani atakaye kuchimba, hata kama ni shimo la kupanda mti, hupiga simu namba 811 siku chache kabla, na wenye nyaya na mabomba huja kuweka alama kwa rangi. Nyekundu ni umeme, manjano ni gesi, buluu ni maji safi, kijani ni maji machafu, na rangi ya machungwa ni simu na nyaya nyingine za habari. Mji unaoamuru nyaya zishuke bila kutunza ramani zake na bila kuwa na desturi kama hii, huwatayarishia wachimbaji wake mtego.

NANI ALIPE?

Mwaka 1967 jimbo la California lilijaribu kulijibu swali hili kwa kanuni iitwayo Kanuni ya 20. Makampuni ya umeme yalitakiwa kutenga kila mwaka kiasi cha kazi kwa ajili ya kila mji. Baraza la mji lilichagua mtaa, likafanya mkutano wa hadhara ambamo wenyeji walisikilizwa, kisha likatoa azimio kwamba mtaa huo ni eneo la nyaya za chini. Si kila mtaa uliostahili: ulipaswa uwe na nyaya nyingi kupita kiasi, au uwe na magari na watu wengi, au uwe mahali penye uzuri au historia ya kulindwa. Gharama iliingizwa katika malipo ya umeme ya wateja wote. Viwanja vipya vya nyumba nyingi navyo viliwekewa sharti kwamba nyaya ziwe chini tangu mwanzo, jambo lililo rahisi zaidi, kwa kuwa mtaro huchimbwa kabla barabara haijatiwa lami.

Mpango huo ulizika nyaya nyingi, lakini polepole mno. Mji mdogo uliweza kungoja miaka mingi kabla ya kupata fungu la kutosha mtaa mmoja, na wateja wote walilipa hali faida iliangukia mitaa michache. Mwaka 2021 tume ya jimbo iliamua kwamba baada ya mwisho wa 2022 mafungu mapya ya namna hiyo yasitolewe tena. Mwaka huo huo kampuni ya PG&E ya California ilitangaza kwamba itazika maili 10,000 za nyaya kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni moto wa msituni. Mnamo Novemba 2018 ndoana iliyochakaa katika mnara wa zamani wa umeme ilikatika, moto ukawaka, na watu 85 wakafa ndani na kandokando ya mji wa Paradise. Kila maili moja ya kuzika hugharimu kampuni hiyo mamilioni ya dola, na wateja wameanza kuuliza kwa sauti ni nani atakayeumia zaidi, mfuko au msitu.

HATARI ZA CHINI

Maneno ya Edison ya mwaka 1889 hayakuanguka yote. Nyaya za chini haziogopi upepo wala theluji, lakini huogopa maji. Tarehe 29 Oktoba 2012 tufani iitwayo Sandy ilisukuma bahari ndani ya New York, kituo cha kugawa umeme kilicho karibu na mto kikafurika, na upande wa kusini wa Manhattan ukawa gizani kwa siku kadhaa. Waya wa nguzoni ukikatika fundi huuona akiwa ndani ya gari lake. Wa chini hutafutwa kwa vipimo, maji hupigwa pampu kwanza, na kazi ya saa moja huwa kazi ya siku nzima. Tena wakati wa baridi chumvi imwagwayo barabarani ili kuyeyusha barafu huingia ndani ya mashimo pamoja na maji, hula ganda la nyaya, na vifuniko hutoa moshi.

Mwezi wa Januari 2004, katika mtaa mmoja wa Manhattan, mwanamke kijana aliyekuwa akitembeza mbwa wake alikanyaga kifuniko cha chuma kilicholowa. Chini yake palikuwa na waya ulioharibika ganda. Alikufa kama Feeks alivyokufa, yaani kwa umeme asiouona na ambao hakuwa na sababu ya kuuhofu. Hata baada ya zaidi ya miaka 110 ya nyaya kuwa chini, kanuni ilikuwa imejali zaidi zilazwe namna gani, na haikujali vya kutosha ni nani atakayezikagua baada ya kulazwa. Mwaka uliofuata, 2005, tume ya jimbo inayosimamia umeme iliamuru makampuni yapime kila mwaka vifuniko, masanduku na nguzo za taa zote ambazo mtu aweza kuzigusa. Tangu hapo mafundi wenye vipimio hupita mitaani, mtaa baada ya mtaa, wakigusisha chombo juu ya kila chuma kilicho njiani. Na kifuniko kinachoonyesha umeme hulindwa na mtu mpaka kitengenezwe, asije akakikanyaga mpita njia.